Jani la muhindi, matone ya wekundu na kidonda cha fangasi kwenye kornea: uchambuzi wa kisa

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya matabibu wa zahanati, wauguzi wa macho na wauzaji wa maduka ya dawa, yaani wale wanaoliona jicho jekundu kabla halijafika kwa mtaalamu. Jina la mgonjwa, kijiji chake na vituo alivyopita vimeondolewa. Badala ya tarehe tumetumia hesabu ya siku tangu alipoumia.

Mgonjwa na mazingira yake

Mama wa miaka thelathini na kitu, mkulima wa mahindi na maharage katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania. Hakuwa na kisukari, hajawahi kufanyiwa upasuaji wa macho, havai miwani wala lenzi. Kabla ya kuumia alikuwa akiona vizuri kwa macho yote mawili.

Msimu una maana katika kisa hiki. Wakati wa kuvuna, muhindi umeshakauka shambani, majani yake yana kingo kali kama wembe na yamebeba vumbi lenye vijimbegu vya fangasi. Anayevunja mahindi huingiza uso katikati ya mistari, mikono yote miwili ikiwa kazini, kwa hiyo hakuna mkono wa kuzuia. Jani likichapa jicho huparua utando mwembamba wa juu wa kornea, ile sehemu angavu ya mbele ambayo wengi huiita kioo cha jicho, na kupanda vijimbegu papo hapo. Kornea haina mishipa ya damu, na katikati yake ina unene wa takriban nusu milimita tu. Utando wa juu ndio ukuta wake mkuu. Ukiparuliwa, kinachofuata hutegemea kilichoingia na kile ambacho watu watadondoshea juu yake.

Siku 14 kabla ya kufika kliniki

Siku ya kuumia, saa nne hivi asubuhi, jani kavu lilimchapa jicho la kulia. Alinawa kwa maji ya kidumu cha kunywea, akapumzika kidogo, akaendelea na kazi. Jioni alihisi kama ana mchanga ndani ya kope.

Siku ya 1 alidondoshewa maziwa ya mama anayenyonyesha, kwa ushauri wa jirani. Siku ya 2 shangazi yake alimkamulia maji ya majani yaliyotwangwa na kuchujwa kwa kitambaa. Yaliwasha sana, na kule kuwasha kukachukuliwa kuwa ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Siku ya 3 alikwenda duka la dawa. Muuzaji alimtazama akiwa upande wa pili wa kaunta na kumuuzia matone ya kloramfenikoli 0.5%. Hakuulizwa kama aliumia.

Siku ya 5 alirudi dukani kwa sababu jicho bado lilikuwa jekundu. Safari hii alipewa chupa yenye mchanganyiko wa neomaisini na deksamethasoni 0.1%. "Hii, mama, inakata wekundu haraka," aliambiwa. Na kweli ilikata. Ndani ya siku mbili wekundu ulipungua, maumivu yakatulia, akalala usingizi wake, akarudi shambani.

Siku ya 9 maumivu yalirudi usiku, makali kuliko ya mwanzo, yakipanda hadi kwenye paji la uso. Mwanawe aliona doa jeupe kwenye jicho. Kwa kuwa chupa ile ilimsaidia mara ya kwanza, mama aliongeza matone kutoka mara nne hadi mara sita kwa siku.

Siku ya 10 alifika zahanati. Jicho lilimulikwa kwa tochi ya simu, likaandikwa kuwa na maambukizi ya kawaida ya macho mekundu. Alipewa mafuta ya tetrasaiklini 1%, jicho likafunikwa kwa gozi na plasta, akaambiwa arudi baada ya wiki. Chupa ya deksamethasoni ilikuwa kwenye mkoba wake muda wote. Hakuna aliyeiulizia, kwa hiyo nyumbani alikuwa akiinua gozi na kuidondoshea.

Siku ya 14 alishindwa kungoja wiki iishe. Muuguzi aliyekuwa zamu alibandua gozi, akaona weupe umetanda, akaandika rufaa hapo hapo. Jioni mgonjwa alishuka kwenye basi na kupokewa kliniki ya macho ya hospitali ya mkoa.

Alivyokutwa

Kabla ya kugusa chochote alipimwa uwezo wa kuona. Jicho la kushoto lilisoma 6/6, yaani kuona kwa kawaida. La kulia halikuweza kuhesabu vidole hata kwa karibu. Aliona mkono ukipungwa tu.

Kisha akaombwa atoe dawa zote. Namna ya kuomba ina uzito wake. Ukiuliza "Umetumia dawa gani?" utatajiwa za hospitali peke yake. Muuguzi alisema, "Mama, tuwekee mezani kila kitu kilichoingia kwenye jicho hili, hata cha nyumbani, hakuna atakayekulaumu." Zikatoka chupa mbili, tyubu moja, na habari ya yale majani.

Uchunguzi ulifuata mpangilio huu, nao usipindwe, maana hatua moja huharibu nyingine. Kwanza hisia ya kornea ilipimwa kwa ncha ya pamba iliyosokotwa, kabla ya matone ya ganzi. Hisia ikiwa imekufa, fikiria virusi vya herpesi. Yake ilikuwepo. Kope la juu likageuzwa kutafuta kipande cha jani kilichobaki, na kope zikaangaliwa kama zimejikunja kwa ndani kama zinavyofanya kwenye trakoma, vyote havikuwepo. Mfuko wa machozi, kwenye pembe ya jicho karibu na pua, ukabonyezwa kuona kama unatoa usaha. Haukutoa. Ndipo karatasi ya fluoreseini, rangi inayong'aa palipochubuka, iliyoloweshwa kwa maji ya chumvi salama ikagusishwa ndani ya kope la chini, na taa ya bluu ikawashwa.

Kidonda kilikuwa karibu na katikati, milimita 5.0 kwa 4.5. Rangi yake nyeupe ya kijivujivu, uso umeinuka kidogo na mkavu, kama chokaa iliyoanza kukauka. Kingo hazikuwa za mviringo safi. Zilitoa vijinyuzi vilivyopenya kwenye kornea iliyo angavu. Kando yake kulikuwa na vidoa viwili vidogo vilivyojitenga na kidonda kikubwa. Nyuma ya kornea, chini, usaha ulikuwa umetuama kwa kimo cha milimita 1.5. Jicho halikuwa limetoboka.

Kingo zenye vijinyuzi, uso mkavu ulioinuka na vidoa vya pembeni ni dalili zinazoelekeza kwenye fangasi, hasa vikikutana na historia ya jani. Lakini dalili za macho peke yake hudanganya hata wataalamu, na steroidi, kundi la dawa ambalo deksamethasoni ni mojawapo, huzifuta nusu. Kwa hiyo timu haikuanza dawa kwa kukisia.

Kukwangua kidonda

Kipimo kilichoamua kila kitu huchukua dakika chache na vifaa vyake vipo karibu kila maabara ya wilaya: sindano ya geji 21, vioo vya slaidi, darubini, na potasiamu haidroksaidi ya 10%.

Matone ya ganzi, tetrakeini 0.5%, yaliwekwa mara mbili. Ncha ya sindano ilikunjwa kidogo kwa koleo safi. Mgonjwa akiwa ameketi mbele ya darubini ya macho, uchafu laini wa juu uliondolewa kwanza kwa pamba, maana hauna kitu zaidi ya kamasi na seli zilizokufa. Kisha ukwanguzi ukachukuliwa kwenye kingo na kwenye sakafu ya kidonda, kwa mikwaruzo ya kuelekea upande mmoja. Pale panapoonekana pamekonda hapaguswi. Slaidi mbili zilipakwa, moja kwa rangi ya Gramu na moja kwa haidroksaidi, na ukwanguzi wa mwisho ukapandwa kwenye agari ya Sabouraud, chakula cha kuoteshea fangasi. Slaidi ziliandikwa kwa penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka kwenye dawa za rangi. Ni kosa dogo ambalo limeshawapa watu majibu ya mgonjwa mwingine.

Haidroksaidi huyeyusha seli za kornea na kuacha kuta za fangasi. Baada ya dakika kumi chini ya kifuniko, kwa lenzi ya 10 kisha ya 40, nyuzi zenye matawi na vikuta vya kukatizia zilionekana wazi. Slaidi ya Gramu haikuonyesha bakteria. Siku tano baadaye agari iliotesha Fusarium, ikitambulika kwa mbegu zake zilizopinda kama mundu.

Sukari ya damu ilikuwa 6.3 mmol/L na kipimo cha VVU hakikuonyesha maambukizi. Vyote viwili vilipimwa kwa sababu utafiti uliofanyika kusini-magharibi mwa Uganda ulionyesha kwamba VVU na kisukari huongeza hatari ya vidonda vya aina hii.

Uamuzi wa dawa na sababu zake

*Kusimamisha deksamethasoni papo hapo.* Chupa ilichukuliwa na kutupwa, haikurudishwa mkobani.

*Kulaza.* Dawa inayodondoshewa kila saa haiwezi kusimamiwa kwa mgonjwa anayelala nyumba ya wageni mjini.

*Natamisini 5%.* Hii ndiyo dawa ya kwanza kwa fangasi wenye nyuzi. Jaribio lililofanyika India na kuchapishwa 2013 liliilinganisha na vorikonazoli, na natamisini ikatoa matokeo bora ya kuona na kornea chache zilizotoboka, hasa kwa wenye Fusarium. Jaribio la Nepal lililochapishwa 2022 lilionyesha pia kwamba inaishinda klorheksidini 0.2%. Shirika la Afya Duniani liliiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2017. Hata hivyo kuwa kwenye orodha ni jambo moja, na kuwa kwenye kabati la hospitali ya mkoa ni jambo lingine. Siku hiyo haikuwepo. Iliagizwa Dar es Salaam na kuletwa na basi la usiku.

*Klorheksidini 0.2% kama daraja.* Mpaka natamisini ifike, mfamasia alitengeneza matone ya klorheksidini: mililita 1 ya glukoneti ya klorheksidini ya 20% na maji safi ya sindano mpaka jumla ya mililita 100, kisha akachuja kwa kichujio cha kuondoa vijidudu. Hapa pana hatari ya kutaja kwa herufi kubwa. Klorheksidini ya kuoshea vidonda iliyochanganywa na setrimaidi, au yenye spiriti, huunguza kornea. Kama chupa haionyeshi wazi kwamba ni glukoneti peke yake kwenye maji, isitumike.

*Atropini 1% mara mbili kwa siku.* Hutuliza misuli ya ndani ya jicho, ambayo ndiyo chanzo cha maumivu yanayopanda kwenye paji, na huzuia kingo za mboni kugandana na lenzi iliyo ndani ya jicho.

*Siprofloksasini 0.3% mara nne kwa siku kwa wiki moja* ili kuzuia bakteria kuingia juu ya kidonda. Ilisimamishwa wiki ilipoisha, kwa kuwa kila tone la ziada hukawiza utando kufunga.

*Bila gozi.* Jicho liliwekewa kinga ngumu yenye matundu wakati wa kulala tu. Gozi huleta joto na unyevu, huficha kidonda, na huzuia dawa.

*Bila ganzi ya kwenda nayo kitandani.* Mgonjwa aliomba yale matone "yaliyoondoa maumivu yote". Alikataliwa na kuelezwa kwa nini: ganzi ikirudiwarudiwa huzuia kornea kupona na humfanya mtu ajisugue bila kujua. Alipewa parasetamoli.

Hesabu ya chupa nayo ni uamuzi. Chupa ya mililita 5 hutoa takriban matone 100. Kila saa usiku na mchana kwa saa 48 ni matone 48. Kila saa wakati wa kuwa macho kwa siku tano zinazofuata ni kama 90. Kila saa mbili kwa wiki mbili ni kama 126. Hiyo ni 264 kabla ya yale yanayomwagikia shavuni. Ziliagizwa chupa nne kwa mkupuo. Ukiagiza moja "tuone kwanza", dawa itakatika siku ya nne au ya tano, wakati mbaya kabisa.

Siku ya sita wodini

Kidonda hakikupungua. Kilikuwa kimefika milimita 5.5 kwa 5.0 na usaha umepanda hadi milimita 2. Hapo kishawishi huwa ni kubadilisha au kuongeza dawa. Flukonazoli ya vidonge ilijadiliwa na kuachwa, kwa sababu Fusarium kwa kawaida haisikii flukonazoli, na mgonjwa angebeba madhara ya ini bila faida.

Badala yake swali likawa: je, dawa tuliyoandika ndiyo inayoingia kwenye jicho? Fomu ya matone ya saa 48 za kwanza ilionyesha tiki zote 24 kila siku. Lakini tiki za kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri zilikuwa za wino mmoja na mkono mmoja, zimenyooka kama zilizopigwa kwa pamoja. Muuguzi mmoja alikuwa na wodi nzima usiku, na chupa ilifungiwa kabatini upande wa pili wa korido. Zaidi ya hapo, chupa ilipoinuliwa kwenye mwanga, nusu ya chini ilikuwa na mashapo meupe mazito na juu maji yaliyokaribia kuwa angavu. Natamisini haiyeyuki, huelea tu. Isipotikiswa vizuri, tone linalotoka ni maji yenye dawa kidogo. Na mchana, natamisini na siprofloksasini zilikuwa zikidondoshewa moja baada ya nyingine bila kupumzika, kwa hiyo ya pili iliosha ya kwanza.

Marekebisho yalikuwa haya. Chupa ilihamia kwenye meza ya kitandani, mbali na dirisha lenye jua. Dada yake mgonjwa, aliyekuwa akimuuguza, alifundishwa: nawa mikono, tikisa chupa mpaka mashapo yaishe chini, vuta kope la chini, tone moja, mgonjwa afumbe jicho taratibu dakika moja bila kulikaza, chupa isiguse kope. Simu yake ilitegewa kengele ya kila saa. Kati ya dawa moja na nyingine dakika tano. Dada ndiye aliyeandika muda halisi wa kila tone, na muuguzi alisaini mwisho wa zamu baada ya kuangalia chupa imepungua kiasi gani. Saa 48 za kila saa, usiku na mchana, zilianza upya.

Kidonda kikakwanguliwa tena siku hiyo, safari hii kama tiba. Natamisini hupenya kwa shida kwenye utando mzima na kwenye tabaka la seli zilizokufa. Ukiliondoa unaifungulia mlango. Ukwanguzi ulirudiwa mara mbili zaidi kwa kuachana siku tatu.

Matokeo

Siku ya kumi wodini vijinyuzi vya kingo vilianza kubutika na vidoa vya pembeni kufifia. Dalili hizi hutangulia kupungua kwa ukubwa, na anayepima milimita peke yake huzikosa. Usaha uliisha siku ya kumi na tano. Siku ya kumi na nane matone yalishushwa hadi kila saa mbili na mgonjwa akaruhusiwa, na akawa anarudi kliniki kila wiki. Utando ulifunga wiki ya tano; fluoreseini haikuwaka tena. Natamisini iliendelea mara nne kwa siku kwa wiki tatu zaidi, kwa sababu nyuzi za fangasi hubaki ndani ya kornea hata juu pakiwa pamefunga.

Steroidi haikutumika hata mwishoni kupunguza kovu. Uamuzi huu hupingwa na baadhi, lakini kwa fangasi hasara ya kurudi kwa ugonjwa ni kubwa kuliko faida ya kovu jembamba.

Jicho lilibaki na kovu la milimita 4 katikati. Uwezo wa kuona ulipanda kutoka kupungwa mkono hadi 6/60, yaani kwa mita 6 anaona kile ambacho jicho zima hukiona kwa mita 60, na kuangalia kupitia tundu la pini hakukuongeza kitu, kwa hiyo miwani isingesaidia. Kupandikizwa kornea kulijadiliwa. Huduma hiyo ni adimu Afrika Mashariki kwa uhaba wa kornea zinazotolewa, na kwa mtu ambaye jicho la pili linasoma 6/6 haikupewa kipaumbele. Jicho halikutoboka wala kuondolewa, na maumivu yaliisha.

Uchambuzi

Mahali palipoligharimu jicho hili ni siku ya 5. Maziwa na maji ya majani havikuwa salama. Havina usafi wa dawa ya jicho na vinaweza kuongeza vijidudu au kuunguza utando. Katika utafiti huohuo wa Uganda zaidi ya nusu ya wagonjwa wa vidonda vya kornea walikuwa wametumia dawa za kienyeji, na nyingi hutolewa na ndugu wanaotaka kusaidia. Kloramfenikoli haikufaa lakini haikudhuru. Huua bakteria na kuiacha fangasi ilivyo. Deksamethasoni ilifanya kitu tofauti kabisa. Wekundu, maumivu na uvimbe ni kazi ya kinga ya mwili ikipambana. Steroidi iliizima kinga hiyo na kuiacha fangasi ikila kornea kimya kimya, na nyuzi zake zina uwezo wa kupenya hadi ndani ya jicho bila kungoja kornea itoboke. Nafuu ya siku mbili ilimrudisha mgonjwa shambani na kumfanya aiamini chupa ile kiasi cha kuiongeza mambo yalipoharibika. Mgonjwa anayesema "kuna matone yalinisaidia kwanza" anampa tabibu habari ambayo isipite hivi hivi: jicho lililoumia na jani, likatulia haraka kwa dawa ya wekundu kisha likarudi na maumivu, lihesabiwe kuwa na fangasi mpaka kipimo kikatae.

Siku ya 10 ilipoteza siku nne. Tochi ya simu humulika moja kwa moja na kurudisha mng'ao unaoficha doa. Tochi ndogo ikishikwa kwa upande, mwanga ukipita juu ya kornea kutoka sikioni kuelekea puani, huonyesha hata weupe mdogo. Na uwezo wa kuona haukupimwa. Ungepimwa, utambuzi wa macho mekundu ya kawaida usingesimama dakika moja. Macho mekundu ya maambukizi ya kawaida huwa na tongotongo, huanzia jicho moja na mara nyingi kuhamia la pili, huwasha kuliko kuuma, na mgonjwa akipangusa tongotongo anaona kama kawaida. Jicho moja lenye maumivu, linalokimbia mwanga na lililopunguza kuona ni jambo jingine: kidonda cha kornea, uvimbe wa ndani ya jicho, au presha ya jicho iliyopanda ghafla, ambayo huja na mboni iliyotanuka nusu, kornea yenye ukungu na kutapika. Zote tatu ni rufaa ya siku hiyo hiyo, na tabibu halazimiki kujua ni ipi kati ya hizo ndipo aandike barua.

Muuzaji wa duka naye hahitaji darubini. Maswali matatu yanatosha: Jicho limepigwa au limeingiwa na kitu? Linauma? Likifumbwa lile zima, hili linaona kama zamani? Jibu moja baya, hauzi tone lolote lenye deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni au haidrokotisoni. Asome lebo ya viambato, kwa sababu jina la kibiashara mbele ya boksi mara nyingi halisemi kwamba ndani mna steroidi.

Kilichookoa jicho ni mambo mawili. Slaidi ya haidroksaidi iliipa timu uhakika usiku wa kwanza, ndiyo maana hata kidonda kilipokua siku ya sita hawakuyumba kwenda kwenye antibayotiki. Na pale siku ya sita walichunguza chupa na fomu kabla ya kuilaumu dawa. Kosa la wodini lisifichwe hata hivyo: usiku usio na dawa na chupa isiyotikiswa viliongeza nusu milimita ya kidonda kwa urefu na kwa upana, na kwenye katikati ya kornea nusu milimita inahesabika.

Limebaki suala la mchubuko wenyewe, kabla haujawa kidonda. Huko Bhaktapur, Nepal, wahudumu wa jamii waliwapaka wenye michubuko mafuta ya kloramfenikoli 1% mara tatu kwa siku kwa siku tatu, na katika matokeo yaliyochapishwa 2001 waliopakwa ndani ya saa 18 hawakupata kidonda, huku hatari ikipanda kwa waliochelewa. Jaribio kubwa la baadaye huko huko Nepal, lililogawa jamii kwa bahati nasibu na kuongeza mafuta ya dawa ya fangasi, halikuonyesha vidonda kupungua. Mafuta ya kloramfenikoli bado yana nafasi yake kwenye zahanati, lakini yasigeuzwe kuwa ruhusa ya kwenda nyumbani. Aliyechapwa na jani apakwe, aambiwe kwa jina ni dawa zipi asidondoshee, na apewe miadi ya kutazamwa kesho yake na siku inayofuata kwa tochi ya upande na karatasi ya fluoreseini. Doa jeupe likionekana, hata la ukubwa wa kichwa cha pini, apande basi siku hiyo na barua yake mkononi, ikiwa imeandikwa kila dawa iliyokwisha kuingia kwenye jicho.